Andika Hata Kama Hakuna Kitu

Mwaka 2016 kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, ilitoa video ya kutangaza toleo jipya la gemu yake ya anga, Elite Dangerous. Ndani yake yalionekana magofu: nguzo za mawe zimesimama kwenye ardhi kavu isiyo na hewa, hazina maelezo, hazina anwani. Mtazamaji wa kawaida angezitazama nguzo. Kuna wachezaji waliosimamisha picha, wakaziacha nguzo zenyewe, wakaanza kuchunguza nyota zilizokuwa nyuma yake.

Walikuwa na sababu. Katika gemu hii anga si pazia lililochorwa. Galaksi yetu nzima, Njia Nyeupe, imo humo kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota takriban bilioni 400, na unachokiona ukiwa mahali fulani ndicho kinachopaswa kuonekana kutoka mahali hapo. Ukihama, anga nayo inabadilika. Kwa hiyo mwenye picha ya anga ana anwani mkononi, ilimradi ajue kuisoma. Walikisia eneo, wakagawana mifumo ya kukagua, na mwisho wa Oktoba mwaka huohuo mmoja wao akatua kwenye magofu yale, ndani ya mfumo uitwao Synuefe XR-H d11-102. Jina hilo usijaribu kulitamka kabla hujala.

Kuna mwenzetu mmoja anayeshikilia kwamba huo ulikuwa ujanja, kwamba fumbo la ndani ya gemu litatuliwe kwa ushahidi wa ndani ya gemu, si kwa tangazo la biashara. Tumebishana naye sana. Mimi naona walichofanya ni kusoma anga, na binadamu amesoma anga tangu alipokuwa na mashua na shamba.

Nasema mapema kwamba mimi sikuwepo. Niliingia kwenye gemu hii baadaye sana, nikiwa Mbeya, kwa kompyuta ya mtumba iliyobadilishwa kadi ya picha na fundi wa Mwanjelwa ambaye nitamtaja tena. Nilipoingia, kila kitu kilikwisha kugunduliwa na kuandikwa. Ila nilisoma jinsi walivyofika pale, na habari iliyonikamata zaidi ni ya kabla ya magofu, ya mwaka 2015.

Mwaka huo wachezaji waliokota kitu cha ajabu kinachoelea angani. Hakikuwa na jina, wakakiita kifaa kisichojulikana. Kilikuwa kinakoroma na kutoa milio ya kukwaruza. Ukikipakia kwenye meli, kinaanza kuila meli yako. Wengi wangekiuza wakaendelea na maisha, na kweli waliokiuza kwa magendo kwenye vituo vya angani waliona vituo hivyo vinaanza kuharibika. Lakini wengine walirekodi ile milio na kuisikiliza tena na tena, mpaka ikaonekana kwamba ndani yake kuna mifuatano miwili inayopishana kama nukta na mistari. Ilikuwa Morse, alama za kuandika herufi kwa milio mifupi na mirefu. Kifaa kilikuwa kinataja jina la sayari au mwezi uliokuwa karibu nacho. Baadaye watu waliigeuza sauti hiyohiyo kuwa spektrogramu, yaani picha ya sauti, na ndani ya picha mkatokea mchoro wa meli ya mchezaji mwenyewe. Kifaa kilikuwa kinamtazama anayekitazama.

Halafu mtu akagundua jambo jingine. Kifaa hicho ukikiacha peke yake, kinajigeuza polepole na kuelekeza upande mmoja. Ukienda mahali pengine, kinajigeuza tena. Hapo hesabu yake ni rahisi: wewe ukisimama Kabwe na mwenzako akasimama Uyole, kila mmoja akaunyooshea mkono mlima Loleza, mtu mwenye ramani anaweza kuchora mistari miwili na kujua mlima ulipo hata kama hajawahi kufika Mbeya. Mistari yote ya vifaa vile ilielekea kwenye nyota iitwayo Merope. Januari 2016 wakapata huko, kwenye mwezi wa Merope 5 c, mimea ya ajabu iliyoota ardhini kama jipu, alama ya kwanza ya Thargoid, wadudu wageni wa gemu hii, kupatikana juu ya ardhi.

Merope ni moja ya nyota za Kilimia. Hilo nililisoma nikaenda nje kutazama, na bila shaka ilikuwa Julai, saa tatu usiku, baridi ya kukata masikio, na Kilimia hakikuwepo. Miezi hiyo huchomoza alfajiri tu. Kinachojulikana na kila mkulima aliyelelewa na bibi ni kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kweli huku kwetu kinaonekana jioni upande wa mashariki mwezi wa Novemba, watu wakiwa wameshalima na wanangoja mvua ya kwanza ipandishe harufu ya udongo. Kiko umbali wa takriban miaka nuru 440. Kwamba watu walioketi kwenye vyumba vyao huko Ulaya na Marekani walihangaika miezi kadhaa wakitafuta kitu kwenye nyota ambazo bibi yangu alizitumia kama kalenda ya mahindi, kulinifurahisha kuliko inavyostahili.

Kinachopotea kwenye masimulizi ya namna hii ni wale waliofika mahali wasikute kitu. Magofu yana mtu mmoja anayetajwa kuwa alitua wa kwanza. Nyuma yake wako waliotua kwenye miezi mingine wakaendesha gari kwenye mawe matupu, kisha wakarudi kuwaambia wenzao: hapa hapana, msije. Kikundi cha wachezaji kiitwacho Canonn kilijitwika kazi ya kupokea taarifa kama hizo na kuziweka mahali pamoja. Nilipoanza kuyaona majedwali ya kazi hizi nilifungua kwanza safu za mafanikio, kama kila mtu. Siku hizi nafungua zile tupu.

Basi, kikosi chetu. Gemu inaruhusu watu wanne kuungana, na sisi tulikuwa wanne kamili. Fundi simu wa Mwanjelwa. Mwalimu wa fizikia wa Tukuyu, ambaye kwa umri ni baba yetu, kiasi kwamba fundi akiingia kwenye mazungumzo ya sauti husema "shikamoo mwalimu" hata kama tuko katikati ya kushambuliwa na maharamia. Dada mmoja wa Uyole anayetunza stoo ya duka la pembejeo. Na mimi. Wazo lilikuwa la mwalimu: twende kwenye magofu, tusisome majibu, tufumbue upya kana kwamba ni sisi wa kwanza. Tuliapa. Tulikubaliana pia kutumia bando la usiku, kwa sababu la mchana bei yake inahitaji uwe na mshahara wa mbunge.

Kwa asiyejua, magofu yanafanya kazi hivi. Unatua, unashusha gari dogo la magurudumu sita, unaingia kati ya nguzo. Nguzo nyingi zimekufa. Chache ziko hai, zinatoa mwanga. Ndani ya kila nguzo hai kuna kumbukumbu ya jamii ya kale iitwayo Guardians, na ili uisome lazima uwe umebeba kitu cha kale kinachoifaa, kimoja au viwili. Vitu hivyo viko aina sita: kasha, tufe, masalio, kibao, totemu na chungu. Unaviokota palepale. Ukibeba kisichofaa, nguzo inakunyima kumbukumbu.

Mwalimu alianza kwa kutupa hesabu kabla hatujawasha injini. Kitu kimoja kimoja: njia 6. Jozi za vitu tofauti: njia 15. Jumla 21 kwa kila nguzo, ukiacha jozi za vitu vinavyofanana. Kisha zidisha kwa idadi ya nguzo hai. Kisha kumbuka kwamba magofu yako mengi, yenye ramani za aina tatu, na kwamba nguzo zilizo hai kwenye gofu hili si lazima ziwe hai kwenye lile. Kumbukumbu zote ni 101, zimegawanyika katika biolojia, utamaduni, historia, lugha na teknolojia, na hakuna gofu moja lenye zote. Fundi aliuliza kama hatuwezi kucheza gemu ya mpira.

Dada wa Uyole ndiye aliyetuokoa, na hakutuokoa kwa ujuzi wa anga. Alifungua jedwali, akaweka safu ya nguzo, safu ya vitu, safu ya jibu, na safu ya jina la aliyejaribu. Halafu akaweka sheria moja: kila jaribio linaandikwa, hasa lisilotoa kitu. Nikamwambia tutajaza jedwali kwa takataka. Akaniambia, kaka, stoo yangu haina takataka, ina mifuko iliyoandikwa na mifuko iliyoibiwa.

Wiki za kwanza zilikuwa za kuchosha kwelikweli, sitaki kuzipamba. Unabeba chungu na totemu, unazunguka nguzo zote hai, hupati kitu, unaandika sifuri. Unarudi, unabeba chungu na kibao. Umeme unakatika. Unarudi. Vitu vya kuokota vikiisha, unatoka kwenye gemu na kuingia upya, navyo vinarudi mahali pake kama havijaguswa. Mwalimu anapenda hali hii, anasema ni maabara ambayo kemikali haziishi. Mimi nilikuwa naipenda mpaka nilipolala usingizi kwenye kiti nikiwa nimejifunga blanketi na gari langu likabaki linazunguka nguzo moja mpaka asubuhi.

Lakini kumbukumbu zikaanza kutoka, na hapo uchovu ulipungua. Hazikuja kwa mpangilio. Unapata kipande cha teknolojia kabla hujajua wenyewe walikuwa nani, kisha kipande cha historia kinachozungumzia vita ambayo hujaambiwa ilianzaje. Tulikuwa tunasomeana kwa sauti, mwalimu akitafsiri papo kwa papo kwa Kiswahili chake cha darasani. Guardians waliishi katika miji iliyojitawala. Walipigana na Thargoid, wadudu wale wa Kilimia, wakawarudisha nyuma. Kisha wakagawanyika wao kwa wao juu ya mashine walizozitengeneza ziwe na akili, na mashine hizo ndizo zilizowamaliza. Dada alisikiliza kipande hicho cha mwisho akasema tu, "Waliandika yote hayo, wakafa." Kukawa kimya, kisha fundi akauliza zamu ya nani kubeba tufe.

Kati ya hapo nilisafiri kwenda Iringa kwa shughuli za ukoo, na wakati wa kurudi nikashuka Isimila, eneo la zana za mawe za kale, yapata kilomita 20 kutoka mjini, karibu na barabara kuu ya Mbeya. Nilishawahi kupelekwa nikiwa mwanafunzi, na nilichokumbuka ni korongo lenye minara ya udongo na vita vya mikate kwenye basi. Safari hii nilitazama mawe. Mahali hapa paligunduliwa 1951, na miaka ya 1957 na 1958 kikosi cha mtafiti Clark Howell kikachimba kwa utaratibu. Kuna mashoka ya mawe ya mkono yaliyochongwa na watu wa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, mengine makubwa kiasi cha kuhitaji mikono miwili, na kulipatikana mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Yapo mengi mno. Ni kwa nini watu wachonge zana nyingi hivyo mahali pamoja, na nyingine kubwa kupita matumizi, wataalamu wamebishana muda mrefu.

Nikiwa nimesimama pale, gemu yetu ilinishuka thamani kidogo. Kwa mwanaakiolojia, jiwe lililookotwa bila kuandikwa lilikuwa tabaka lipi, likielekea wapi, limelala na nini, limepoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Ndiyo maana unaombwa usiguse. Sisi tulikuwa tunabomoa magofu kila usiku, tunapakia vyungu kwenye gari na vingine tunaenda kuviuza sokoni, na gemu inatupigia makofi. Halafu kuna lile kubwa zaidi: swali letu lilikuwa na mwenye jibu. Kuna mtu ofisini Cambridge aliyeandika kumbukumbu zote 101 na kuamua kwamba nguzo hii itafunguka kwa kasha. Waliochonga mawe ya Isimila hawakumwachia mtu jedwali la majibu, wala hakuna atakayetokea mwishoni kusema mmepata.

Nilipowaeleza wenzangu, mwalimu alikubali nusu. Alisema utaratibu wa kazi ni uleule, na mwanafunzi aliyejifunza kuandika sifuri kwenye gemu ataiandika maabara. Sijui kama ni kweli kwa wanafunzi wote. Kwa fundi haikuwa kweli.

Fundi alianza kuotea vizuri. "Jaribuni kibao na tufe kwenye ile ya pembeni." Inafunguka. "Hii naona ni totemu peke yake." Inafunguka. Tulimshangilia, tukasema mwana ana mkono wa baraka. Mwalimu alianza hata kutunga nadharia kwamba fundi anahisi uhusiano kati ya mada za kumbukumbu na aina za vitu. Dada hakusema kitu siku kadhaa. Kisha usiku mmoja akatuomba wote tufungue jedwali na tupange kwa jina la aliyejaribu. Safu za mwalimu zilijaa sifuri. Zangu zilijaa sifuri. Za kwake vilevile. Za fundi, kuanzia tarehe fulani, hazikuwa na sifuri hata moja.

Hakukataa. Alisema alifungua majibu mara moja tu, kwa simu, dukani, wateja hawapo. Kisha akasema mara mbili. Mwalimu alikasirika kama mtu aliyemkamata mwanafunzi na kikaratasi kwenye soksi, akataka atolewe kikosini. Mimi nilikuwa nacheka, jambo ambalo halikusaidia. Dada akapitisha hukumu: safu zote za fundi kuanzia tarehe hiyo zifutwe, nguzo hizo zijaribiwe upya na sisi watatu, na fundi abaki kuwa karani wa kuandika sifuri za wenzake.

Ukarani huo ukaleta jambo ambalo hatukulitarajia. Fundi alikuwa anajua majibu ya baadhi ya nguzo, na alipokuwa akiingiza majaribio yetu ya zamani aliona moja halilingani na alichokisoma. Tulikuwa tumeandika sifuri mahali ambapo pangepaswa kufunguka. Akituambia ni wapi, amevunja kiapo tena. Asiposema, tutazunguka mpaka Krismasi. Tulibishana usiku mzima, bando likienda. Mwishowe mwalimu akatoa ruhusa ya sentensi moja, na fundi akasema: "Kuna sifuri moja ya uongo." Akanyamaza.

Kwa hiyo tukarudia sifuri. Hii ndiyo sehemu ya safari nzima ninayoipenda, na sijui kama ninaweza kumweleza mtu asiyecheza. Hatukuwa tunatafuta kitu kipya. Tulikuwa tunakagua mahali ambapo tulikwisha kusema hakuna kitu, tukiulizana ni nani alikuwa amechoka, ni nani umeme ulikatika katikati, ni nani aliandika kabla ya kujaribu. Jedwali la dada lilikuwa na majina na tarehe, kwa hiyo tuliweza kuanza na usiku mbaya: ule wa radi Tukuyu, ule ambao mimi nililala. Ikaonekana kwenye usiku wa radi. Mwalimu alikuwa amebeba vyungu viwili akidhani kimoja ni kasha. Alilikubali kwa heshima kubwa, akasema "kosa la mtazamaji," na akaomba safu ile isifutwe bali iandikwe maelezo pembeni. Hasira yake kwa fundi ilipungua kuanzia hapo, ingawa hakusema.

Hatujafikisha 101. Tunazidi kusogea, na gofu moja bado linatusumbua kwa sababu nguzo zake hai ziko mbali mbali na mimi sina subira ya kuendesha gari usiku kwenye mawe, hata ya kuchorwa. Fundi amerudishiwa haki ya kujaribu, kwa masharti kwamba akiotea sahihi mara tatu mfululizo anahojiwa.

Sasa amekuja na jambo jingine. Anataka tukimaliza tutafute Raxxla, mahali panapotajwa kwenye ulimwengu wa gemu hii tangu Elite ya kwanza ya 1984, na ambapo mpaka leo hakuna mchezaji aliyethibitisha kupaona. Fundi anasema hilo ndilo fumbo lake hasa, maana hakuna majibu ya kuchungulia. Dada amekubali, na amekwisha kufungua jedwali lenye safu ya jina la mfumo na safu ya sifuri. Mwalimu amekataa: anasema kwa magofu walau watu walionyeshwa picha ya anga, na yeye hatafuti kitu kati ya nyota bilioni 400 bila hata picha moja. Mimi nimesimama na mwalimu, hasa kwa ajili ya bando. Kura ni mbili kwa mbili, na dada anasema kikosi chenye kura sawa kinaamuliwa na mwenye jedwali.